Panga na Majambia Katika Picha za Kale: Hukumu ya Kuzitundika na Yale Zinayotuambia



Tumefikiwa na suala kutoka kwa ndugu yetu wa Kasanga, mkoani Rukwa, huko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mjomba wake anayeishi Maskati alimletea picha mbili za kuchapwa, ambazo ni nakala za picha za kale za Ulaya, naye akazitia fremu na kuzitundika sebuleni. Ya kwanza imejaa panga, majambia, ala na mipini ya mataifa mbalimbali ya Kiislamu, vimepangwa juu ya karatasi kama bidhaa dukani, bila ya mtu hata mmoja. Ya pili ni ya bwana wa Kiarabu aliyesimama, kilemba kichwani, jambia kiunoni, upanga mkononi.

Sebule hiyo ndiyo wanayokutania baada ya Maghribi kwa darsa, na mara nyingine Isha huwakuta humo humo wakaswali. Sasa yamezuka maneno. Mmoja anasema picha zote mbili ni haramu, ziteremshwe. Mwingine anasema waziache, hiyo ni historia ya wazee wetu. Kijana mmoja wa sekondari akasema: kumbe ni kweli wanayotuambia wenzetu shuleni, kwamba dini hii tuliletewa kwa upanga, na ushahidi tunautundika wenyewe ukutani. Ndugu yetu anasema maneno ya huyu wa tatu ndiyo yaliyomnyima usingizi.

Kwa hakika suala hili ni mawili ndani ya moja. Kuna hukumu ya picha, nayo wanazuoni wameshaizungumza vya kutosha. Kisha kuna yale ambayo picha inayasema, na hapa ndipo wengi wetu hatuna jibu. Tutaanza na la kwanza.

Hukumu ya picha zenyewe

Picha ya kitu kisicho na roho haina tatizo katika asili yake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamwambia kuwa riziki yake inatokana na kuchora. Ibn Abbas akamweleza onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya watengenezaji wa picha, na alipomwona mtu yule amefadhaika akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Upanga, jambia, ala na ngao vinaingia humo. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameyaeleza haya kwa uwazi. Kwa hiyo aliyesema picha zote mbili ni haramu amezidisha kuhusu ile ya kwanza.

Ama ile ya pili, ina sura kamili ya mtu, tena imetundikwa mahali pa heshima. Qauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba picha ya chenye roho iliyotundikwa ukutani hairuhusiwi, tofauti na ile iliyo katika busati linalokanyagwa au mto unaoegemewa. Dalili yao ni hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) na pazia lenye picha, ambalo Mtume (S.A.W.) alikataa kuliona limetundikwa, naye akalikata akalifanya mito. Kuna waliokuwa na mtazamo mwepesi zaidi kwa picha isiyo na kivuli, yaani isiyo sanamu. Miongoni mwa Masalafi anatajwa al-Qasim bin Muhammad, na wanazuoni wengi wa Kimaliki wameiona kuwa ni makruhu tu. Nawawi hakuikubali njia hiyo.

Wapo watakaosema kwamba sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliruhusu picha za kamera kwa hoja kwamba kamera hunasa tu kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu. Hoja hiyo inajulikana, lakini tuitazame kwa uangalifu hapa, kwani picha za kale za kuchapwa hazikupigwa kwa kamera. Fundi alichonga mistari kwenye ubao au bamba la shaba, au alichora juu ya jiwe laini, kisha akapaka wino na kuchapa. Ni kazi ya mkono. Ni kweli kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafundi wengi walichonga huku wakifuatisha picha ya kamera iliyowekwa mbele yao, lakini mkono ulikuwa bado ni wao, na fatwa ya Sheikh Bakhit haiwezi kuvutwa mpaka hapo bila ya kujadiliwa.

Kuna jambo jingine, nalo linaihusu hata ile picha ya kwanza iliyo halali. Amepokea Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimtaka Bibi Aisha aliondoe pazia lenye nakshi kwa sababu lilikuwa likimjia machoni ndani ya swala. Na mashuhuri ni kisa cha shuka yenye mapambo aliyoirudisha kwa Abu Jahm kwa sababu ilimshughulisha. Ikiwa Mtume (S.A.W.) aliondoa kimshughulishacho, sisi ambao akili zetu hutangatanga hata mbele ya ukuta mweupe tuna haki gani ya kuswali tukitazama majambia thelathini yenye rangi za dhahabu? Isiwe upande wa kibla. Hilo halihitaji mjadala mrefu.

Fedha, dhahabu na ngozi mbichi

Sasa tuitazame ile picha ya kwanza kwa karibu. Kwa maelezo aliyotupa ndugu yetu, inafanana sana na kurasa za vitabu vya mapambo vilivyochapwa Ufaransa na Uingereza katika karne ya 19. Mashuhuri miongoni mwavyo ni vya Auguste Racinet wa Ufaransa, ambaye kazi yake kubwa juu ya mavazi ya mataifa ilitoka kati ya mwaka 1876 na 1888 ikiwa na kurasa 500 za picha. Rangi zake zilichapwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, na dhahabu ikatiwa mwishoni. Vitabu hivi vilikusudiwa mafundi wa nakshi, washonaji na wapambaji wa nyumba. Mwenye kuvikusanya alichagua kilichong'aa. Upanga wenye mpini wa fedha na vito uliingia, na upanga wa askari wa kawaida ukaachwa.

Hapa pana somo la fiqhi ambalo picha hiyo imelificha. Wanazuoni wetu wameruhusu mwanamume kupamba silaha ya vita kwa fedha, na dalili yao ni riwaya ya Anas kwamba kitako cha mpini wa upanga wa Mtume (S.A.W.) kilikuwa cha fedha. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu wameikataza, na ile riwaya inayotaja dhahabu katika upanga wake siku ya kufunguliwa Makka ina udhaifu katika isnadi yake. Ruhusa ya fedha ni kwa mwanamume, si kwa mwanamke, kwani kwake silaha si pambo lake.

Lakini ruhusa ni jambo moja, na hali ya Sahaba ni jambo jingine. Amepokea Bukhari, katika mlango alioupa jina la mapambo ya panga, kauli ya Abu Umama al-Bahili (R.A.) ambayo maana yake ni kuwa miji ilifunguliwa na watu ambao panga zao hazikupambwa kwa dhahabu wala fedha, bali kwa vipande vya ngozi mbichi, risasi na chuma. Na katika riwaya ya Ibn Majah imo sababu ya maneno hayo: alikuwa amewaona vijana wa kizazi cha baada yake wamekuja na panga zenye fedha, akaghadhibika. Mkusanya mapambo wa Paris asingelipa nafasi hata robo ya ukurasa upanga uliofungwa kwa mshipi wa ngozi ya ngamia.

Kisha ni umbo la panga. Katika picha nyingi za kale za Ulaya zinazodai kuonyesha vita vya mwanzo vya Uislamu, kila Mwislamu ana upanga uliopinda kama mwezi mwandamo, na kila mpinzani wake ana ulionyooka. Hilo si sahihi. Panga za Waarabu wa zama za Mtume (S.A.W.) na karne kadhaa zilizofuata zilikuwa zimenyooka, zenye makali pande zote mbili. Panga zinazonasibishwa kwa Mtume na Sahaba katika hazina ya Topkapi mjini Istanbul nyingi zimenyooka, ingawa mipini na mapambo yake yametengenezwa baadaye. Upanga uliopinda ulitoka kwa Waturuki wa Asia ya Kati na ukaenea katika miji ya Kiislamu taratibu, hasa baada ya uvamizi wa Wamongoli katika karne ya 13. Mchoraji wa karne ya 19 aliona upanga uliopinda kiunoni mwa askari wa Kituruki wa zama zake, akaurudisha nyuma miaka 1200.

Hata Dhulfikari haikusalimika. Upanga huo ulipatikana katika ngawira ya Badri, kama ilivyokuja katika riwaya ya Ibn Abbas kwa Tirmidhi na Ibn Majah, na jina lake wanalugha wanalifungamanisha na vijishimo au mifuo iliyokuwa kwenye bapa lake, mithili ya pingili za uti wa mgongo. Leo muulize mtu yeyote, atakuchorea upanga wenye ncha mbili kama ulimi wa nyoka. Ncha mbili ni kazi ya wachoraji, na kosa hili hatuwezi kuwasukumia Wazungu peke yao. Sisi wenyewe tumelitia kwenye bendera na kwenye picha tunazouziana sokoni.

Ajabu ni kwamba Waislamu walikuwa na elimu ya panga iliyoandikwa vizuri. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, alimwandikia Khalifa al-Mu'tasim risala nzima juu ya aina za vyuma na panga, akitofautisha za Yemen, za India na za kwingineko kwa rangi na mawimbi ya bapa. Na mwandishi aitwaye Mardi at-Tarsusi aliandika kitabu cha silaha kwa ajili ya Sultani Salahuddin, tena chenye michoro. Anayetaka kujua Waislamu wa karne za kati walibeba nini aanzie huko.

Na al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 548 Hijria (1154), anaitaja pwani yetu ya Afrika Mashariki kuwa ni nchi ya chuma. Anazungumzia chuma cha Malindi, na anasema chuma cha Sofala kilipendwa na kusafirishwa hadi India, ambako kilifuliwa panga. Basi huenda ndani ya upanga uitwao wa Kihindi mkononi mwa Mwarabu mlikuwa na chuma cha Mwafrika.

Ndugu zetu wa Rukwa hawana haja ya kwenda Sofala kwa hili. Katika nyanda za Ufipa bado yapo mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, zile ndefu ziitwazo malungu, zenye kimo cha takriban mita 3, ambazo hazikuhitaji mivuo kwani zilivuta upepo zenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo ndipo kikafuliwa. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezitafiti kwa miaka mingi, pamoja na zile za kale zaidi ziitwazo katukutu upande wa ziwani. Chuma hicho kilifuliwa majembe, mashoka na mikuki. Katika Sura al-Hadid, aya ya 25, Mwenyezi Mungu amekitaja chuma kwa nguvu zake na kwa manufaa yake kwa watu. Wafipa upande wa manufaa waliujua vyema.

Bwana mwenye jambia, na neno la yule kijana

Tuje kwenye picha ya pili. Mabwana wa aina hii wapo wengi katika picha za karne ya 19. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani yetu kati ya mwaka 1846 na 1848, na kitabu chake kilifuatana na albamu ya picha za watu na miji, baadhi zikiwa zimefuatishwa kutoka picha za kamera za mwanzo kabisa kupigwa huku. Sayyid Barghash alipozuru London mwaka 1875 magazeti ya picha yalimchapa. Alama ni zile zile: kilemba, joho, jambia la Kiomani lililopinda mbele ya tumbo, na upanga.

Jambia hilo, ambalo Waomani huliita khanjar, ni vazi la heshima. Limo katika bendera ya Oman pamoja na panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya turathi za wanadamu. Mipini ya baadhi ya majambia ya Yemen na Oman ilitengenezwa kwa pembe ya kifaru, na pembe hizo nyingi zilitoka bara la Afrika Mashariki, jambo ambalo limewaangamiza wanyama hao. Ama upanga, ule mrefu ulionyooka, wenye mpini wa mviringo usio na kikinga mkono, ndio Waomani wanaouita kattara, na ndio uchezewao razha pamoja na ngao ndogo. Sisi kwa Kiswahili tukisema kitara tunakusudia upanga uliopinda. Maneno nayo husafiri yakageuka.

Bapa za nyingi ya kattara hizo zililetwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, na mji mashuhuri kwa kuzitengeneza ni Solingen, Ujerumani. Kwa hivyo yule bwana anayeitwa na mchoraji Mwarabu wa asili, yawezekana kabisa ameshika chuma cha Mjerumani. Watu wa Kasanga watalielewa hili haraka, kwani mji wao uliitwa Bismarckburg na Wajerumani, waliojenga boma hapo mpaka likatwaliwa na majeshi ya Waingereza mwezi Juni 1916. Boma lile halikujengwa kwa upanga. Lilijengwa kwa bunduki.

Na hilo ndilo jibu la mwanzo kwa yule kijana. Misafara ya watu wa pwani ilipofika pembezoni mwa ziwa katika karne ya 19, silaha yao ilikuwa ni bunduki ya gobori, na upanga ulikuwa ni cheo. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammad al-Murjebi, ndiye Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Itawa, kusini-magharibi mwa ziwa. Habari ameisimulia mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili: yeye alijeruhiwa kwa mishale, na bunduki ndizo zilizoshinda. Alichokichukua kilikuwa ni shehena kubwa ya pembe za ndovu. Hakumsilimisha Nsama, wala hakudai kuwa alikwenda kwa ajili hiyo. Wengi katika wafanyabiashara wale hawakujishughulisha na kulingania. Uislamu wa bara ulienea zaidi kwa kuoana, kwa ujirani wa miji kama Ujiji na Tabora, kwa walimu wa vyuo vya Qur'ani na kwa tarika, hasa Qadiriyya, na sehemu kubwa ya kuenea huko ilikuja baada ya nguvu za misafara kuvunjika. Na Mwenyezi Mungu ameshakataza kulazimishana katika dini, Sura al-Baqara, aya ya 256.

Lakini jibu likiishia hapo tutakuwa tumemdanganya kijana wetu, naye atakwenda kushindwa mbele ya wenzake. Misafara ile ilibeba watumwa. Waliotekwa walikuwa ni watu huru, wanawake na watoto, kutoka nchi hizi hizi za ziwa, na waliowateka na kuwanunua miongoni mwao walikuwamo Waislamu wenye kuswali. Mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliyashuhudia kwa macho yake, na yalifanywa na watu wa misafara, kwa bunduki. Hatuna sababu ya kulitetea jambo ambalo sheria yetu imelilaani. Bukhari amepokea hadithi al-Qudsi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu anajitaja kuwa ni hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mwenye jambia la fedha hakuwekewa hukumu yake peke yake.

Tunachoweza kukisema kwa haki ni kwamba picha zilikuwa na wenyewe na makusudio yao. Shajara za mwisho za Livingstone zilichapwa London mwaka 1874, naye alikwisha kufa mwaka uliotangulia, kwa hiyo picha za kuchongwa zilizomo hakuziona. Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, akichangisha fedha na hata akitaka watu wa kujitolea wenye silaha. Mapadri wa shirika lake, White Fathers, walikuwa wameshapokea kituo cha Karema, upande wa kaskazini wa ziwa kutoka Ufipa, mwaka 1885. Katika hali hiyo Mwarabu mwenye upanga akawa ni alama iliyofahamika na kila msomaji wa Ulaya bila ya maelezo. Aliyoyafanya mfanyabiashara yakaandikwa kwa jina la dini yake. Mchoraji hakuulizwa yule bwana alikuwa na bunduki ngapi nyuma ya nyumba, wala bapa lake lilitoka mji gani.

Nani ashike upanga juu ya mimbari?

Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni makhatibu, tugusie hili kwa ufupi. Vitabu vya Kishafi vinataja kuwa ni sunna kwa khatibu kuegemea upanga, upinde au fimbo. Abu Daud amepokea kutoka kwa al-Hakam bin Hazn kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) siku ya Ijumaa ameegemea fimbo au upinde. Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, ameukataa upanga moja kwa moja, na amewalaumu wanaodhani kwamba Mtume aliushika kwenye mimbari ili kuashiria kuwa dini imesimama kwa upanga. Anayetumia fimbo ameshika lililothibiti, na katika mji kama Kasanga, ambako Waislamu ni wachache kati ya majirani wengi Wakatoliki, tunaona fimbo ndiyo bora zaidi.

Na aliye na upanga au jambia lenyewe nyumbani, la urithi, auweke ndani ya ala. Mtume (S.A.W.) amekataza kupeana upanga ulio wazi, kama alivyopokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (R.A.).

Kwa ndugu yetu wa Kasanga, basi: picha ya panga na majambia ahamishie ukuta usio wa kibla, na kijana yule yule aisome na kuwaeleza wenzake wa darsa upi umenyooka, upi umepinda, na kwa nini hamna wa ngozi mbichi. Picha ya bwana aiteremshe, kwa kushika qauli ya madhehebu yetu na kutoka katika ikhtilafu. Hatumwambii aichane. Aitie kwenye jalada pamoja na karatasi nyingine za historia, na nyuma yake aandike imetoka kitabu gani, mwaka gani, na imechapwa mji gani, kama mjomba wake anaweza kumpatia habari hizo.

Wallahu a'lam.